Miguu Juu Mbele ya Mama Mkwe

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, hajawahi kunipenda, na mimi sijawahi kumpenda. Naliandika hilo mwanzoni ili anayesoma ajue kwamba haya ni maneno ya upande mmoja. Nimejitahidi kumtendea haki. Sijui kama nimeweza. Mimi ni fundi wa maturubai hapa Morogoro mjini, shule niliishia darasa la saba, na kazi niliyojifunza ni kushona, si kuhukumu.

Chuki yetu ina mahali pazuri pa kujificha: sisi ni watani. Mimi Mnyamwezi, yeye Mluguru, tena mashemeji. Kwa hiyo anaweza kunitupia neno lolote mbele za watu nami nikacheka, nikimrudishia naye anacheka, na hakuna aliyewahi kutuuliza kama tunacheka kweli.

Mambo yalianza pale mteja mmoja aliponiletea kitanda chake cha kuning'inia, kimechanika. Ni nailoni laini, inafungwa huku na huku kwenye miti miwili, na mtu analala katikati kama ndizi ndani ya ganda lake. Nilikishona, nikakipima, na kabla mwenyewe hajaja kukichukua nilikuwa nimeshakata viwili vya kwangu. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, alilala kimoja baina ya nguzo za karakana Jumapili nzima. Alipotoka akasema, "Baba, twende tukalale kule kwa bibi, juu kabisa, kwenye miti."

Ndani ya msitu wa hifadhi huingii bila kibali. Lakini shamba la wakwe zangu kule Kinole linapanda mpaka karibu na mpaka wa hifadhi, na mwisho wake kuna tambarare yenye miti mikubwa. Hakuna nyumba, hakuna choo, maji ni ya kijito. Hapo ndipo tulipopataka. Mimi nilikuwa sijawahi kulala nje isipokuwa msibani, basi nilijiandaa kwa woga wangu wote. Nilikwenda gereji kutafuta mikanda ya viti vya magari mabovu, ili mti ufungwe kwa kitu kipana kisichokata gome. Nilishona maturubai mepesi ya juu. Nilipojaribu kulala uani nikagundua kwamba baridi ya kitanda hicho inakupata kwa chini, nikashona mablanketi makuukuu yaning'inie chini ya mgongo. Mke wangu alikuwa ananiangalia tu. Mwishowe akasema, "Vyote umeshona. Ruhusa je, umeshona?"

Kwao Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mimi baba namlisha na kumsomesha, lakini kumlaza mahali pasipo na ukuta ni jambo la mjomba wake kwanza, halafu la bibi yake. Na mjomba ndiye huyo shemeji. Nilichokuwa nakitaka ni kimoja: usiku mmoja mlimani na mwanangu kabla shule haijafunguliwa na kumchukua tena.

Tulipanda Kinole mimi na mwanangu Jumamosi. Shemeji alitupokea uani, mikono inanuka mdalasini aliokuwa anaubandua.

"Kwa hiyo Mnyamwezi umechoka kulala chini, sasa unataka utundikwe."

"Afadhali mimi, shemeji. Wewe ukitundikwa watu watadhani mkungu, watakukata wakauze."

"Nitundikwe kwa shida gani? Mimi nina nyumba."

Ni kweli anayo, na ni kweli mimi nimepanga. Nilicheka.

Kisha akaanza maswali. Siafu wakipanda kwenye kamba? Mvua ikija na upepo? Umeangalia juu kama mti una tawi kavu? Lazima niseme yalikuwa maswali mazuri, na hilo la tawi kavu mimi sikuwa nimelifikiria. Halafu akasema, "Funga hapa nione. Siwezi kumtoa mtoto wa dada yangu kwa maneno matupu." Hapo pia alikuwa na haki.

Nikafunga baina ya mfenesi na nguzo ya jiko. Alikagua fundo, akavuta mkanda, akatikisa kichwa kama mtu anayenunua ng'ombe asiyemtaka.

"Panda."

Nikakaa.

"Si kukaa. Utakesha umekaa? Lala. Vua viatu, nyoosha miguu tuone kama kinahimili."

Nikavua, nikalala, miguu ikawa juu kuliko kichwa. Akanisukuma kidogo, kikapembea. Nakumbuka nilianza kumweleza habari za blanketi la chini. Kisha nikaona mwanangu ameangalia pembeni ghafla.

Mama mkwe alikuwa ametokea kwenye njia ya migombani, tenga la magimbi kichwani, na nyayo zangu zilikuwa zinamtazama usoni.

Kwao, na hata kwetu, mkwe hajilazi mbele ya mama mkwe wake. Hata ukiwa unaumwa, ukisikia anakuja unajikongoja unakaa. Mimi nilijaribu kuinuka kwa haraka, na kitanda kile ukikifanyia haraka kinakupindua. Nilianguka kwa magoti, shati limepanda mpaka shingoni. Yeye alishageuza uso kwenye migomba, amesimama na mzigo wake kichwani, akisubiri mtu mzima mwenzake ajisitiri.

"Karibu mama," shemeji akasema kwa sauti ya kutosha majirani. "Mkwe wako amepumzika."

Mama alipita nyuma ya jiko. "Shikamoo" yangu ilibaki pale uani, haina mwenyewe.

Nilimuuliza shemeji kama alimwona anakuja. "Ningemwona ningekwambia," alisema, na alikuwa anacheka. Baadaye nilikwenda nikasimama pale pale aliposimama shemeji. Migomba inaificha njia mpaka kwenye kona ya mwisho. Kutoka ile kona mpaka uani, mtu anaweza kusema "inuka" akapata na nafasi ya kukohoa. Lakini sijui kama alikuwa anaangalia njia au anaangalia mafundo yangu, ambayo mwenyewe ndiye aliyetaka kuyakagua. Ninatamani sana iwe alimwona. Hapo ndipo ninapojishuku.

Jioni neno likatoka, yeye mama yuko nyuma ya pazia la mlango, shemeji akilipokea na kulileta kwangu mkekani, ingawa nilikuwa nalisikia vizuri. Nitaleta faini, doti ya khanga na jogoo. Mpaka mama avipokee, nisilale kwenye ardhi yao, si nyumbani wala shambani. Na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu hiyo hiyo.

"Ila mtoto asinyimwe kwa kosa la baba yake," shemeji akaongeza, lake mwenyewe. "Nitampeleka mimi. Mjomba si yupo?"

Mwanangu aliniangalia. Hakuniomba. Angeniomba ningepata la kukataa.

Vitanda vilikuwa vyangu, ningevikunja tu. Badala yake nilimfundisha shemeji kufunga mkanda, kulegeza kamba, kulala kwa mshazari ili mgongo usipinde. Kitanda cha mwanangu nilikuwa nimeshakitia uzi mfupi kwenye kamba, kila upande, ili maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye mti yadondoke hapo yasimfikie alalaye. Cha pili, ambacho kilikuwa changu na sasa chake, kilikuwa bado. Nilikishika mkononi kwa muda. Nyuzi zilikuwa mfukoni. Nilimwona moyoni shemeji amelowa chepechepe, na nilipenda nilichokiona. Kisha nikaona kwamba mtu akilowa atataka kushuka, na njia ile ikiwa na utelezi haishukwi gizani na mtoto. Nikafunga nyuzi.

"Hii nini? Hirizi?"

"Ya maji. Usiifungue."

"Nyie watu, hata mvua mnaifunga kamba."

Nilishuka mjini peke yangu kabla giza halijaingia. Nilipoangalia nyuma, milima yote ilikuwa imeshafunikwa na wingu.

Mwanangu alirudi kesho yake ananuka moshi, anaongea bila kupumua. Ilinyesha. Ngedere walikuja alfajiri. Mjomba aliamka zaidi ya mara moja kumulika kamba zake.

"Za nani?"

"Zangu, baba. Zake hata hakuangalia."

"Na yeye alilowa?"

"Hata tone."

Shule imeshamchukua. Khanga nimenunua, nzuri, mke wangu ameikubali. Jogoo bado natafuta. Awe mkubwa, asiwe na kasoro ya kusemwa, na awe anawika mapema, maana banda la kuku la ukweni limeegemea dirisha la shemeji, na mama mkwe hana haraka ya kuchinja.