Mbaazi za Mkono wa Kushoto

Mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote kwa wiki ni kutoka kitandani hadi langoni hana budi kueleza Jumamosi alikuwa Machakos akitafuta nini. Nilienda kumzika Susu, nyanya Mkamba tuliyekaa naye ploti moja hapa Kitengela tangu miaka ya tisini. Alikufa usingizini, ameshiba umri na githeri.

Alikuwa amekuja kumlea mjukuu wake. Msichana huyo alizaliwa wa miezi saba, na katika siku zake za kwanza damu ikavuja ndani ya ubongo. Daktari alisema huenda akachelewa kuketi na kuongea, na upande wa kushoto ukabaki dhaifu. Alichelewa kweli. Kufikia miaka minne alitembea akivuta mguu, lakini ule mkono aliukunja tu kifuani kama kitu cha kuazima. Sisi majirani tulimhurumia kwa bidii: tulimbeba, tulimlisha, tulimvalisha viatu. Halafu siku moja nikachungulia dirishani, ambayo ndiyo kazi yangu kuu, nikaona Susu amemfunga mkono wenye nguvu kwa leso, mbele yao sinia ya mbaazi mbichi. Mtoto alikuwa akimenya kwa ule dhaifu huku akilia. Nikatoka na hasira zote za mtu aliyesoma hadi kidato cha nne.

“Susu, huyu mtoto unamtesa.”

“Wale wa mazoezi hospitalini ndio walinionyesha. Huu mwingine ukiwa huru, ule utalala milele. Wewe uko na kazi ya kuenda?”

“Sina.”

“Najua. Kaa, lete mkono wa kulia.”

Akanifunga pia. Mtoto alikuwa kwenye ganda la tano wakati langu la pili liliporusha mbaazi mtaroni.

“Kwani wewe ulizaliwa miezi mingapi?” Susu akaniuliza, na mtoto akacheka na machozi yake.

Tulimenya msimu mzima. Jirani mmoja aliyetishia kumshtaki Susu kwa chifu aliishia kuleta sinia yake. Mkono haukuwahi kufikia mwenzake, na hesabu humchosha msichana hadi leo, lakini alipoanza shule alijifunga vifungo vya sweta mwenyewe, taratibu, sisi tumesimama mlangoni mikono nyuma ili tusimsaidie.

Jumamosi yeye ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma polepole, mhubiri akitazama saa. Karatasi ilitetemeka katika mkono wa kushoto, kwa maana wa kulia ulikuwa unafuta machozi. Mama mmoja akainuka kwenda kumshikia. Nikamvuta leso ya kiunoni, akaketi. Huruma yetu mara nyingi ni haraka tu. Yule msichana alihitaji watu wa kumngoja, na kungoja, wasomaji wangu, ndiyo kazi pekee ninayoiweza.