Memori Aliyoniwekea Shemeji

Kompyuta yangu ya nyumbani, pale Butimba, ndiyo ilikuwa ofisi yangu; nilitengenezea kadi za harusi na kuchapia nyimbo za kwaya. Feni ilipoanza kupiga kelele, shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, aliipeleka dukani kwake mjini kuisafisha. Iliporudi ilikuwa kimya, ila sasa ikawa inazima katikati ya kazi. Skrini inageuka bluu, faili zinaharibika.

"Huyu anabofya kila kitu," shemeji alimwambia mama mkwe wangu tukiwa mezani. "Kompyuta siyo cherehani."

Wakacheka wote, hata mume wangu. Nilikula ugali wangu hadi mwisho.

Nikajifundisha kwa simu. Nikaweka programu ya kupima memori kwenye flashi, nikawashia mashine hapo. Mistari myekundu ya makosa ikajaa. Memori zilikuwa vipande viwili, nikachomoa kimoja na kupima kilichobaki: safi. Nikavibadilisha, mistari ikarudi. Nikakihamishia kile kibovu kwenye tundu la mwenzake, nisije nikamsingizia mtu. Mistari ileile. Ndipo nikakitazama vizuri. Memori zangu nilizinunua zikiwa pacha, zote za kijani. Hiki kilikuwa cheusi, kimechubuka.

Sikumwambia mume wangu. Nilimwomba mama mkwe anisindikize mjini Jumamosi, siku ambayo duka hujaa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umeiua tena?"

Nikaweka kipande mezani. "Hiki ni kizima?"

"Kizima. Tatizo ni wewe."

"Basi kichomeke kwenye kompyuta yako."

Hapo ndipo alipokitazama. "Nina kazi ya mteja, shemeji. Video ya harusi."

"Si umesema ni kizima?" mama mkwe akauliza.

Mwenye video, aliyekuwa akisubiri pale, akachomoa flashi yake, akaitia mfukoni. Shemeji akavuta droo, akanipa memori yangu ya kijani bila kuniangalia.

"Waambie ilikotoka," nikasema. Akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Nikawaambia mimi, taratibu, nisiruke kitu.

Njiani mama mkwe alinisihi mambo yaishie pale. Hayakuishia. Niliyasema kwayani, sokoni, na kwenye kikao cha ukoo kule Kisesa. Siku hizi dukani kwake kumebaki vocha na chaja. Tukikutana msibani huwa wa kwanza kunisalimia kwa heshima. Namwitikia vizuri, kisha namgeukia aliyekaa jirani yangu na kuanza kumsimulia kisa cha memori.