Kiporo cha Mbegu Mpya

Mimi ni mchumi, na sioni haya kusema kwamba ni mchumi mzuri. Kwa miaka mingi nimelipwa kukaa kwenye mikutano ya nchi za watu na kueleza kwa nini kijiji hiki kina njaa na kile cha jirani hakina, na mara nyingi nimekuwa sahihi kuliko watu waliovaa vizuri kunizidi. Hesabu nilifundishwa chuo kikuu. Lakini swali ninalolitegemea zaidi ya hesabu zote nililipata kijijini Michenga, nyumbani kwa shangazi yangu, miaka ya tisini, siku niliyonyimwa kiporo.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa Ifakara, kwenye mradi wa mpunga uliolipiwa na wafadhili wa nje. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya bati upande wa Lumemo, na joto la mle ndani lilitosha kuumua mikate. Mradi ulikuwa umeleta mbegu mpya: fupi, masuke mazito, haianguki kwa upepo. Kwa magunia ya shambani iliipita mbali supa, mpunga wetu wa siku zote, na hilo silibishi hata leo. Kazi yangu ilikuwa kuandika ripoti ya uchumi, kusema kama mbegu hiyo inamfaa mkulima au haimfai. Nikisema inamfaa, msimu unaofuata mkopo wa mbolea na trekta ungetolewa kwa anayepanda mbegu mpya tu, bonde zima. Anayetaka supa angebaki na jembe lake la mkono.

Bosi wangu alikuwa mtaalamu wa mbegu kutoka Bukoba, mtu mwerevu na mchapakazi, aliyekula wali kama mgonjwa anavyokunywa dawa. Kwake chakula kilikuwa ndizi, vingine vyote vitafunwa. Tulitaniana sana kwa hilo, na ndiyo maana niliweza kumwambia mambo ambayo wengine ofisini waliyameza. Yeye aliipenda ile mbegu kama mtoto wake. Tena mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uleule ripoti ilipokuwa inasubiriwa, na kila mtu ofisini alijua ripoti ya namna gani ingeuongeza.

Wakulima waliojaribu mbegu walikuwa wameshahojiwa. Wote walisema nzuri. Mmoja wao alikuwa shangazi, dada wa baba yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikubali kujaribu mbegu ile kwenye kipande cha shamba lake kwa sababu mimi ndiye niliyeipeleka. Naye alisema nzuri, tena aliisemea mbele ya wageni kwa sauti kubwa mpaka nikaona aibu. Mimi nawajua watu wa kwetu. Ukiwapelekea kitu ukakaa mbele yao na kalamu, watakisifu hata kama kinawachoma mkono. Kwa hiyo nikaamua kwenda Michenga bila kalamu, nikalale.

Jioni ile shangazi alipika mpunga wa mradi. Ulitoka jikoni ukiwa mweupe, wa moto, na kwa samaki wa mchuzi ulikwenda vizuri. Nilikula nikashiba, nikaanza hata kuipanga ripoti kichwani.

Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitika marahaba, akaniwekea chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha. Nikaitazama ile mihogo. Katika nyumba ile nilikulia kwa kiporo. Tulikuwa tunapika mara moja, jioni, na wali unaobaki unafunikwa. Asubuhi unaula hivyohivyo, unaondoka. Sijawahi kumwona shangazi akiwasha moto kumpikia mtu chakula cha asubuhi, labda awe na homa.

"Shangazi, kiporo kiko wapi?"

"Kimeisha, mwanangu."

Mlangoni kuku walikuwa wameuzunguka wali wa jana. Waliudonoa kidogo, wakauacha, wakaenda kuparua kwenye majivu. Niliinama nikaokota punje nikazitia mdomoni. Zilikuwa ngumu kama kokoto. Shangazi aliniona, akajifanya anakoroga sukari.

Nilicheka peke yangu, kwa furaha kabisa, maana nilishajua nilichokipata. Mpunga wa bonde letu ukikaribia kukomaa, mwanamke anakuwa kwenye dungu, kile kichanja cha juu katikati ya shamba, kabla jua halijatoka. Anaamia ndege, anawafukuza wasile mpunga. Ndege hao hushuka alfajiri, na hawamsubiri mtu anayepuliza kuni. Kinachomwezesha kuwahi ni kiporo tu. Ukimpa mpunga ambao wali wake ukilala hauliki, umemwongezea upishi wa asubuhi, kuni, na maji, halafu umewapa ndege saa yao nzuri kuliko zote. Yale magunia ya ziada tuliyokuwa tunajivunia ofisini yangeishia matumboni mwa ndege.

Nikapanda baiskeli nikawazungukia wenzake wote waliojaribu mbegu. Sikumuuliza hata mmoja kama anaipenda. Niliwauliza, "Leo asubuhi mmekula nini?" Mihogo. Uji. Maandazi ya dukani. Nyumba baada ya nyumba, wakati mpunga umejaa ndani, hakuna aliyenitajia kiporo.

Bosi alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Dada, ripoti ya uchumi haiwezi kuzungumzia kiporo. Wafadhili watatucheka."

"Wakicheka tutajua wameisoma."

"Wakulima wenyewe wamesema wanaipenda."

"Wamesema wanatupenda sisi, bosi. Kuhusu mbegu hawajasema bado."

Alinikumbusha, kwa upole, kwamba mkataba wangu unaisha. Nikamwambia nakumbuka. Ningekuwa mwongo nikisema sikuogopa. Sikuwa na kazi nyingine. Lakini nilikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika hulala usingizi mzuri hata akiwa hana akiba.

Jioni nilipika nyumbani kwangu masufuria mawili, supa na mpunga wa mradi, mafuta yaleyale, chumvi ileile. Nikafunika. Asubuhi nikayabeba mpaka ofisini pamoja na chupa ya chai, nikamwekea bosi sahani mbili juu ya meza yake, bila kumwambia ipi ni ipi. Wenzetu walisogea mlangoni kutazama.

Sahani ya kwanza aliila, akarudia. Ya pili alichota kijiko, akatafuna. Akatafuna tena. Alikunywa chai, akaendelea kutafuna.

"Huu umeupika lini?"

"Nimeuteleka jana jioni pamoja na huo mwingine."

Aliisogeza ile sahani pembeni. Nilimwonea huruma, maana alikuwa ameihangaikia mbegu ile kwa miaka na hakuwa mtu mbaya. Mwishowe akasema, "Ndizi hazina matatizo haya," na mlango mzima ukacheka, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho. Halafu akaniambia niandike, lakini niandike kama mchumi, saa za kazi na hasara ya shambani, ili mtu asiyejua kiporo naye aelewe.

Nikaandika hivyo. Wafadhili walipokuja hawakucheka. Waliuliza maswali magumu, na bosi aliyajibu mengi kabla sijafungua mdomo, kwa ukali wa mtu aliyetafuna ushahidi. Iliamuliwa mkopo uende kwa mkulima yeyote, apande mbegu anayoitaka. Waliolima kwa kuziuzia shule za bweni waliichukua ile mpya na ikawafaa, kwa sababu huko sufuria haibakizi kitu. Mkataba wangu uliongezwa.

Nilikwenda Michenga siku ileile. Shangazi alikuwa uani anapepeta. Nilimwambia asimame asikilize: msimu ujao apande supa shamba zima, trekta atapata kama kawaida.

Ungo ukatulia mikononi mwake. "Na kazi yako?"

"Ipo. Wameniongezea muda."

"Hawajakufukuza?"

"Hawajanifukuza, shangazi. Nani alikwambia nitafukuzwa?"

Hakuna aliyemwambia. Alijipigia hesabu mwenyewe. Mbegu ni ya ofisi, ofisi ndiyo inayonilipa, kwa hiyo watu wakiikataa mbegu mtoto wake atarudishwa nyumbani. Alikuwa amepita kwa wenzake wote wa majaribio, mmoja mmoja, akiwaomba waisifu. Kumbe zile "nzuri" zote nilizozikuta kwenye mahojiano yetu zilikuwa za kwake.

"Tena ile mbegu yangu ya supa nimeshampa jirani," akasema. "Niliona ikikaa ndani nitashindwa, nitaipanda."

Nikakaa kwenye kinu. Mbegu ile alikuwa akiichagua suke kwa suke tangu mimi ni mdogo, akiitundika juu ya moshi wa jiko, na hata mwaka wa njaa hakuila. Ilikuwa imetoka ndani ya nyumba yake kwa ajili ya kibarua changu, na mimi nilikuwa nimekuja kumpa habari njema kama mtu anayegawa zawadi.

Tukaenda kwa jirani kuiomba. Njia nzima shangazi aliutukana mpunga wa mradi, kwa Kipogoro na kwa Kiswahili, jinsi unavyokwaruza koo, jinsi mjukuu alivyolia, jinsi hata ukoko wake usivyoliwa. Nilicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea peke yake. Aliniona, akanishika mkono.

"Usilie. Ningeyala yale mawe mpaka ustaafu."

Jirani alitutolea kiroba, nikajitwika, tukarudi nyumbani.