Randa Kwenye Nailoni

Kundi letu la simu lina watu wanne, na hakuna hata mmoja aliye fundi. Mmoja ana duka la vipuri vya baiskeli pale Kibaoni; ukoo wake ulitoka pwani zamani, na maneno yake ni matamu kuliko bidhaa zake. Wa pili ni tabibu wa zahanati upande wa Idete, ambaye huja Ifakara kwa pikipiki siku za Jumapili. Wa tatu anaendesha mashine ya kukoboa mpunga, na ile mashine imemharibu masikio kiasi kwamba akikunong'oneza siri, mtaa mzima unaisikia. Wa nne ni mimi, mwalimu wa hisabati shule ya msingi, mwanamke pekee kati yao. Mume wangu anasema hasira zangu ukizipima zinawazidi wanaume wote watatu. Mume wangu huyo hawezi kupigilia msumari ukasimama wima, kwa hiyo simsikilizi.

Kilichotuunganisha ni ugonjwa wa kununua vifaa. Stuli zetu zinayumba, rafu zetu zimepinda, lakini tukiona patasi nzuri tunasahau ada za watoto. Mtu akipata kifaa kipya, anakipiga picha na kuituma kwenye kundi kwa maneno mawili: "Mgeni kaingia." Sisi tunauliza: "Anakula nini?" Naye anajibu kwa madaha, anakula mninga huyu, anakula chuma, anakula hata mbao mbichi. Jumapili mgeni anapelekwa uani kwa mwenye duka, anapita mkono kwa mkono, tunampima uzito, tunamsifu na kumponda. Kuponda ndiko tunakokupenda zaidi.

Nadhani mwenye duka ndiye aliyeliona kwanza lile jambo, ila alilinyamazia. Alikuwa amenunua msumeno wa umeme wa duara atengenezee rafu za dukani. Kabla hajakata hata ubao mmoja, mpangaji wake alifiwa na mama, wakaja kumwomba akate mbao za kufunikia mwanandani kaburini. Nani angekataa? Akakata. Baada ya hapo mwenye mashine ya mpunga akaleta drili ya betri, nzuri sana, yenye taa mbele. Tundu lake la kwanza lilikuwa kwenye jeneza la kibarua wake. Kisha tabibu akapata seti ya patasi za mtumba, vyuma vya zamani vizito, na kazi ya kwanza ya patasi zile ikawa kuchonga msalaba.

Mimi niliwaambia waache ujinga. Majeneza ya dukani yapo, yamepangwa karibu na hospitali, lakini mitaani kwetu watu wengi bado wanaona kumtengenezea marehemu jeneza ndiyo namna ya kumsindikiza. Msiba ukitokea, mwenye kifaa anaitwa. Na nani anaitwa kwanza? Yule aliyejitangaza juzi kwamba ana kifaa kipya. Niliwachorea hata kwenye mchanga, kama ninavyowachorea watoto wa darasa la sita. Tabibu akacheka, akasema atalimaliza hilo jambo mwenyewe. Akanunua futi, futi ya kawaida tu ya chuma inayojikunja, akaipiga picha. "Mgeni kaingia. Futi haiui mtu."

Kabla ya Jumapili, futi ile ilipimia maiti. Tabibu alituambia akiwa amekaa kwenye kreti la soda pale uani, uso umemshuka. Ndugu wa marehemu waliiona mezani kwake zahanati, wakamwomba. Alisema alipoikunjua juu ya yule mtu, ilitoka polepole, kama inaongozwa. Mwenye duka akamkatisha, akatumiminia chai. Tangu siku ile, mtu akituma picha, hakuna aliyeuliza tena "Anakula nini?" Wala hatukukubaliana tusiulize.

Sasa nieleze kuhusu binti yangu, maana bila yeye haya yangebaki kuwa mambo ya kuchekesha.

Alikuwa akifanya kazi Morogoro. Akanipigia simu kuniambia ana mimba, na mwanaume amekwisha kuingia mitini. Nilimjibu vibaya. Sitayarudia maneno yale hapa, inatosha kwamba alikata simu na akakaa muda mrefu bila kupiga. Aliporudi nyumbani kujifungua, tumbo limekuwa kubwa, alinisalimia vizuri tu, "Shikamoo mama," akaingia chumbani kwake cha zamani. Adabu ile iliniuma kuliko kama angenitukana. Mimi kuomba msamaha kwa mdomo sijui, nimeumbwa hivyo. Nikasema nitamtengenezea mtoto kitanda kwa mikono yangu, na yeye ataelewa. Nikamwambia hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, alicheka.

Mbao nilipata nzuri, za mtiki, ila zilikuwa na magamba na mikwaruzo ya msumeno. Zilitaka kurandwa. Randa ya mkono siiwezi, bega langu la kulia liliumia bajaji ilipopinduka na mimi, na mpaka leo nikisukuma kitu kizito linanikumbusha. Kwa hiyo nikaagiza randa ya umeme kutoka Dar, ikaja na basi. Boksi limefungwa nailoni ngumu, na juu yake kuna picha ya mzungu anatabasamu. Nikaliweka mezani, nikalipiga picha kwa furaha yote. "Mgeni kaingia!"

Nikaona alama kwamba wote wameisoma. Hakuna aliyejibu.

Jioni mwenye duka akanipigia. "Mwalimu," akasema, "huyo mgeni usimfungue."

"Na wewe umeanza?"

"Si nakuomba tu? Subiri binti ajifungue kwanza. Mtoto akishatoka salama, utaranda mpaka uchoke."

"Mtoto akishatoka atalala wapi, kwenye kikapu cha duka lako?"

"Mwalimu, hasira hasara," akasema taratibu. "Mgeni wako hajala bado. Na nyumbani kwako kuna nani aliye hatarini?"

Nilimkatia simu. Nilitukana ukuta. Kisha nikaenda kutafuta kisu nichane ile nailoni, nikakishika, nikasimama mbele ya boksi. Binti yangu alikuwa anaimba bafuni. Nikarudisha kisu jikoni. Mimi, niliyewachorea mchangani, niliogopa.

Yakawa maisha ya ajabu pale nyumbani. Boksi nililitoa mezani nikaliweka juu ya kabati, kisha kabati likawa halinifai kwa sababu liko ukuta mmoja na chumba cha binti, nikalipeleka stoo. Nikiingia stoo kuchukua mchele, nililigeuzia mgongo. Mara nyingine nilihisi limesogea. Nilijua halijasogea, nilijua ni mimi, na bado niliangalia vumbi la kwenye rafu nione kama kuna alama. Umeme ukikatika nilipumua, kwa kuwa bila umeme hata angetaka asingeweza. Nikagundua kwamba na mimi nimeanza kusema "angetaka".

Zile mbao ziliegemea ukuta wa nje vile vile, na magamba yake. Binti alipita pale kila siku akienda kuanika nguo. Siku moja akasimama, akazipapasa, akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Mama, kama humtaki, sema tu. Nitalala naye kitandani kwangu. Sitakuudhi."

Ningemwambia nini? Kwamba mama yake, mwalimu, anaiogopa randa? Nikasema, "Nitakitengeneza." Akasema, "Sawa mama." Ile sawa ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata tamaa. Usiku ule, mume wangu aliponiuliza mbona silali, nilimgeuzia mgongo na yeye.

Asubuhi moja, jua limeanza kuwa kali, nilisikia kilio kutoka nyumba ya jirani yetu, nyumba yenye mlango wa kijani. Pale aliishi mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa anaumwa tangu masika, na kila jioni, hata alipokuwa dhaifu, alitoka na baiskeli yake akaisukuma mpaka barabarani na kurudi. Walikuwa wamemrudisha kutoka hospitali juzi yake. Kilio kilipopanda nilielewa mara moja kuwa ni yeye.

Na nilifurahi. Sina neno jingine la kuweka hapo. Furaha ilinipanda toka miguuni. Sikumwaza mzee, sikumwaza mkewe. Niliwaza: ni wao, si sisi. Nikaingia stoo, nikalichukua lile boksi na nailoni yake, nikajifunga kanga kiunoni na kutoka mbio.

Kwetu mwanamke akifika msibani anaingia ndani kwanza. Anakaa mkekani na mfiwa, anamshika mkono, analia naye, anasema pole. Ndipo ataenda kuchota maji au kuosha masufuria. Mimi niliupita mlango wa kijani, umefunguliwa nusu, nikazunguka moja kwa moja hadi uani walikokuwa wanaume walioitwa tangu alfajiri, na mbao. Walikuwa wanaranda kwa mkono, jasho linawatoka. Waliponiona na boksi walisimama.

"Mwalimu, Mungu akubariki," mmoja akasema. "Kweli wewe ni jirani."

Nilichana nailoni mbele yao, nikachomeka waya dirishani. Randa ilinguruma, ikaula ule ubao wa kwanza kwa hamu, maranda yakaruka mpaka kwenye nywele zangu. Wote walinisifu. Nilipoinua kichwa, dirisha lilikuwa wazi, na mama mfiwa alikuwa ananitazama kutoka mkekani. Hakuwa analia wakati ule. Alinitazama tu.

Baada ya mazishi nilitengeneza kitanda kwa siku chache. Kilitoka kizuri kuliko chochote nilichowahi kutengeneza, hata tabibu alikosa cha kuponda. Binti yangu alikaa kwenye stuli akinisugulia miguu ya kitanda kwa msasa, tumbo limemzuia kuinama, tukapiga soga kama zamani. Akajifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti kama kipyenga. Jumapili moja uani kwa mwenye duka walininunulia soda, na hakuna aliyeniuliza chochote kuhusu randa.

Kwa mama wa mlango wa kijani sikwenda. Nilisema nina mjukuu, nina mitihani ya kusahihisha. Akaja yeye. Alikuja amevaa nguo nyeusi, na bakuli la unga wa mchele kwa ajili ya uji wa mzazi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwalimu. Nimekuja kumwona mgeni."

Neno lile lilinishtua, ingawa kila mtu humwita mtoto mchanga hivyo. Akampakata, akamchekea, akamrudisha kitandani. Kisha akapitisha kiganja kwenye ubao wa pembeni.

"Ni ile mashine?"

"Ndiyo mama."

"Nilikuona ulivyokuja," akasema. "Boksi lilikuwa na nailoni bado." Hakusema kwa ukali. Binti yangu alikuwa kwenye stuli anakunja nepi, hakuelewa kitu. "Yule mwenzenu wa mashine ya mpunga anaongea kwa sauti sana, mwalimu. Habari zenu tulikuwa tunazijua mtaa mzima. Mume wangu alizicheka. Alisema, mwalimu naye anaogopa?"

Nilimfunika mtoto miguu, ingawa alikuwa amekwisha kufunikwa.

"Hukumuua wewe," akasema. "Aliondoka kabla hujaamka. Ila ulinipita mlangoni."

Kisha akaniambia kilichomleta. Ule mlango wake ulivimba tangu mvua, unakwaruza sakafu. Mzee alikuwa akirudi na baiskeli yake jioni, anausukuma kwa gurudumu la mbele, unakwaruza, na mkewe jikoni anajua amerudi. Sasa jioni ikifika saa ile ile, mlango unakwaruza. Akitoka, hamna mtu.

"Ni upepo," nikasema.

"Ni upepo," akakubali. "Njoo uurande. Sipendi kushtuka."

Kesho yake nilikwenda na randa. Niliushusha mlango kwenye bawaba zake, tukaulaza juu ya viti viwili, nikapunguza chini kidogo kidogo, nikaurudisha. Aliusukuma kwa kidole kimoja. Ulienda mpaka mwisho na kurudi, kimya kabisa. Nikamtazama nikitegemea atafurahi. Alibaki ameushika, anausukuma, anaurudisha.

"Sasa akija," akasema, "sitajua."

Maranda ya mlango ule yalikuwa miguuni petu, membamba, ya kijani upande mmoja, na hakuna namna ya kuyarudisha. Nikachomoa waya. Nikaingia ndani kwa ule mlango, nikavua viatu, nikakaa mkekani pembeni yake, nikamshika mkono, nikamlilia mumewe.