Taa Mpya za Lori la Mume Wangu

Globu zilikuja zimeviringishwa karatasi laini, kila moja katika kiboksi chake, na mimi ndiye niliyezifungua kwa sababu mume wangu alikuwa bado ananawa mikono. Sijui kuona kitu kimefungwa nikakiacha. Nikiwa msichana nilifumua kikapu kipya cha mama ili nione mfumaji alianzia wapi, na fimbo nilizochapwa siku ile hazikunifundisha kitu. Basi nikaiinua globu moja kwenye dirisha. Ndani ya kioo mlikuwa na viuzi viwili vyembamba kuliko unywele, kimoja juu ya kingine.

"Hivi ndivyo vitamulika njia yote mpaka Makambako?" nikauliza.

"Kimoja cha taa ndefu, kimoja cha taa ya kushusha," akasema. "Lete hapa kabla hujavikata kwa maswali."

Ilikuwa bado enzi ya Mwingereza. Tulikaa Njombe, na mume wangu aliendesha lori la tajiri mmoja wa Kihindi mwenye duka pale mjini. Alibeba maharage na mahindi kutoka Mlangali, alibeba magome ya miwati ya kutengenezea ngozi, na karibu mzigo wote uliishia Makambako, kwenye barabara kubwa. Taa za lile lori zilikuwa za kusikitisha. Zilitoa mwanga wa manjano kama kibatari kilichokaribia kuishiwa mafuta, na ukungu wa kwetu ukishuka, utingo alilazimika kuteremka na kutembea mbele na kitambaa cheupe mgongoni ili dereva amfuate. Kila dereva alilalamika. Kwa hiyo mume wangu alipoomba globu kali zaidi hakuna aliyeshangaa, na tajiri akakubali kuziagiza Iringa.

Ni mimi tu niliyejua kwa nini alizitaka kiasi kile.

Alikuwa haoni jioni. Mchana aliona vizuri, hata mwewe akiwa juu sana alimwona kabla yangu. Lakini jua likizama tu, alibadilika. Aligonga ndoo iliyokuwa mahali pake pa siku zote. Alinyoosha mkono kupokea sahani, mkono ukapita pembeni. Mwanzoni nilidhani ni uchovu, halafu ule ugonjwa wangu wa kutaka kujua ukanipanda. Jioni moja nikapanga sahani nyeupe za bati uani, moja katikati ya njia na nyingine kulia na kushoto, nikamwita. Ile ya katikati aliiruka. Za pembeni alizikanyaga zote, zikalia kama kengele.

Hakukasirika. Aliketi kwenye kinu, akaniambia kwamba hali ile ilimwanza tangu ujana, na kwamba kila mwaka inamsogelea kidogo. "Katikati naona," alisema. "Pembeni panakuwa kama pamefungwa milango." Kisha akaniomba nisimwambie mtu yeyote, hata mama yangu. Tajiri akijua atampa dereva mwingine lori. Yeye atarudi Mawengi kulima mteremko wa baba yake, na watoto watakaozaliwa watamsikia baba yao akisimulia tu kwamba aliwahi kuendesha. Alilipenda lile lori. Alikuwa akilisemesha linapopanda mlima, na mimi nilikuwa nikiona wivu kidogo, kusema kweli. Nikamwahidi.

Globu zilifungwa Makambako, kwa fundi aliyekuwa na kibanda chake karibu na njia panda. Nilikwenda naye makusudi ili nione. Fundi alifungua pete ya nje, akatoa kioo, na nyuma yake nikaona bakuli linalong'aa kama fedha. Nikanyoosha kidole. Akakisukuma pembeni kwa mpini wa bisibisi.

"Usiguse, shemeji. Jasho la kidole linakula ule weupe."

"Bakuli lenyewe ni la nini?"

"Globu inatupa mwanga kila upande. Bakuli linaukusanya na kuutupa mbele."

"Na ule wa pembeni unakwenda wapi?"

"Si nimekwambia unakusanywa? Unakwenda mbele."

Nikauliza kama basi pembeni panabaki na nini. Fundi akamgeukia mume wangu. "Bwana dereva, huyu mkeo anataka kazi yangu?" Mume wangu akacheka, lakini nilimwona akiinama na kulitazama lile bakuli kwa muda mrefu, kama mimi. Fundi akatuonya kwamba globu hizi zina njaa, dainamo ya lori haikutengenezwa kuzilisha. Tukiziwasha wakati injini imezimwa, betri itakufa na asubuhi tutazungusha hendeli mpaka mabega yalie.

Tukarudi jioni ileile. Sitasahau alipoziwasha. Barabara ilitokea yote kwa mpigo, nyeupe, na kila jiwe lilikuwa na kivuli chake. Sungura alisimama mbele yetu nikamwona mpaka ndevu. Alipokanyaga mafuta mwanga ulipanda, alipoachia ulishuka, na mimi nikamwomba akanyage na aachie mara kadhaa kwa kuifurahia tu. Nilikuwa nimezoea giza, na hapa mtu alikuwa ameligeuza giza kuwa kitu cha kufungua na kufunga kwa swichi. Mume wangu aliimba. Nilidhani tumepona.

Tulipokaribia nyumbani nikamuuliza, "Na pembeni?"

Akaacha kuimba. "Pembeni ndiyo pamezidi kuwa peusi," akasema. "Lakini lori linapita katikati."

Hata mimi nilitaka sana jibu lile litoshe.

Sasa lazima nieleze habari ya mama yangu. Alikuwa mjane, anakaa Lyamkena, pale karibu na Makambako, na kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawashikani mikono wala hawasemezani ila kupitia mtu wa kati. Tulikuwa Walutheri, tumefunga ndoa kanisani, na mchungaji wetu alikemea mila nyingi, ila hii hakuigusa. Labda naye alikuwa na mama mkwe. Malori yalipokuja, watu walijitungia adabu yake. Mkwe akimkuta mama mkwe barabarani jioni, alipunguza mwendo, akashusha taa na kugeuzia uso upande wa pili mpaka mama apite. Mama naye aliingia majanini na kutoa mgongo. Mume wangu alikuwa akifanya hivyo kwa unyenyekevu mpaka wanawake wa Lyamkena walimsifu. Alikuwa akimtambua mama kwa mwendo wake akiwa bado mbali, katikati ya njia.

Wiki chache baada ya zile globu, mama alikuwa anatoka kukata kuni. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Akaliona lori linakuja na mwanga ambao hajawahi kuuona, akatoka barabarani mapema, akasimama pembeni, akageuka na kungoja taa zishuke. Hazikushuka, zikammulika mwili mzima. Lori lilimpita karibu, na upepo wake ukalivuta shuka alilojitanda. Mama akabaki kichwa wazi mbele ya mkwe wake, mzigo wa kuni umemwanguka.

Mshenga wa ndoa yetu alikuja Njombe kutuletea shtaka. Alisema kamwene, salamu ya kwetu, akiwa mlangoni, akakataa kukaa, akakataa hata chai. Ndipo tukajua ni jambo kubwa.

"Mama anasema hivi," akaanza. "Zamani, na zile taa zenu za manjano, mkwe alimwona na akamheshimu. Leo ana taa ambazo hata sisimizi anaonekana, na amempita kama gogo. Anauliza amemkosea nini."

Mume wangu alikuwa ameshika kikombe. Nilimwona akikiweka chini polepole sana. Jibu lilikuwa moja na jepesi, na mimi nilikuwa nalo mdomoni. Hakumwona. Neno moja tu, na aibu yote ingeondoka. Lakini neno lilelile lingepita kwa mshenga, likafika Lyamkena, na kutoka Lyamkena mpaka dukani kwa tajiri si mbali. Nikamtazama mume wangu. Akatikisa kichwa, si kwa mshenga, kwangu.

"Mwambie mama nimekosa," akasema. "Nilikuwa na haraka na nilimdharau. Nitakuja na jembe."

Kwetu mkwe aliyevunja heshima hupeleka jembe na kuku, na mbele ya mshenga anaomba radhi. Baada ya hapo neno halirudiwi. Mshenga akaondoka akiwa ameridhika. Mimi sikuridhika. Nilimkasirikia mume wangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia, nikamwambia kwamba amechagua kuitwa fedhuli ili asiitwe mgonjwa.

"Fedhuli anaendesha," akasema.

"Na kama si mama? Kama angekuwa mtoto aliyesimama pale, hajui kuingia majanini?"

Usiku ule nilimsikia akigeuka na kugeuka. Najua swali langu lilimwingia, kwa sababu kesho yake alipakia mzigo na kurudi kabla jua halijashuka, na kesho kutwa vilevile, na tajiri akaanza kuuliza taa mpya zilinunuliwa za nini.

Watu huniuliza mpaka leo kwa nini mume wangu aliliacha lori mwenyewe bila kufukuzwa, akiwa bado na nguvu zake. Wengine walisema aliogopa milima, wengine walisema ni mimi niliyemkatalia. Kumbe yote yaliamuliwa ile jioni tuliyopeleka jembe.

Mama ndiye aliyepanga wakati. Alisema twende watu wakisharudi kutoka mashambani, yaani jua likizama. Mpaka sasa najiuliza kama aliupanga hivyo makusudi. Nilimuuliza baadaye, akaniambia nisimsumbue, na kwa mama yangu hilo halikuwa jibu la ndiyo wala la hapana.

Tuliliacha lori barabarani, tukaingia uani kungali na mwanga. Mama alikuwa ndani, amening'iniza shuka mlangoni ili asionane na mkwe. Mshenga alikaa kwenye kigoda, mkono wa kulia wa baraza. Mume wangu alikaa mbali, jembe magotini, kuku miguuni. Kwanza tukaombewa, na mshenga aliomba kwa kirefu, akaanzia Adamu. Alipomaliza, kiza kilikuwa kimeshaingia uani. Mimi nilikuwa bado naona kila kitu, kwa ukijivu. Nilimtazama mume wangu, nikajua yeye haoni.

"Haya, mkwe, lete jembe," mshenga akasema.

Akasimama. Alilishika jembe kwa mikono miwili, kwa adabu, akatembea moja kwa moja. Alikuwa amesikia sauti lakini baraza lile lilirudisha sauti kutoka ukutani. Alimpita mshenga aliyekuwa kulia kwake, karibu amguse goti. Akasimama mbele ya nguzo ya baraza. Akapiga magoti.

"Pokea, baba," akaiambia nguzo. "Nimemdharau mama yangu."

Mshenga alikuwa amefungua mdomo. Mume wangu aliendelea kulinyoosha lile jembe, akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, "Pokea, baba." Nilitaka kukimbia nikamwelekeze, lakini nilikuwa nimemwahidi. Nilikuwa nalia.

Shuka la mlangoni likaanguka. Mama alilivuta kwa mkono wake. Akatoka, kichwa wazi, akashuka barazani mbele ya mshenga, mbele yangu, akalitwaa jembe akaliegemeza kwenye nguzo. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona na sijaliona tena. Akamshika mkwe wake mkono, akamwinua.

Mume wangu aliujua mkono ule si wa mwanamume. Alitaka kuutoa. Mama hakuuachia.

"Twende ndani," akasema. "Nje baridi."

Wakatembea. Na ndipo mume wangu alipomsemesha mama mkwe wake kwa mara ya kwanza.

"Mama, taa ni nzuri," alisema. "Ni macho yangu."

"Najua, mwanangu," mama akasema. "Hapa pana kizingiti. Inua mguu."