Jina la Dada wa Kazi

Wenzangu, uso bado unaniwaka. Nimeandika riwaya ya vijana kuhusu mfanyakazi wa ndani anayedharauliwa na matajiri. Wiki iliyopita nilialikwa kuisoma katika sekondari moja hapa Songea, nikaenda na dada wangu wa kazi anibebee boksi la vitabu.

Nilisoma mpaka wanafunzi wakafuta machozi. Kichwa kikanivimba. Nikawaonyesha dada, aliyekuwa amesimama mlangoni. “Huyu ndiye aliyenifundisha utu!”

Binti mmoja akanyoosha mkono. “Shikamoo, mama. Anaitwa nani?”

Miaka miwili nimemwita “dada” tu. Nikababaika, nikasema, “Neema.”

Dada akainama. “Neema ni yule aliyeondoka, mama,” akasema taratibu. “Mimi naitwa Skolastika.”