Nyota Iliyochelewa

Iko jioni moja ya Januari, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Miaka ya hamsini ilikuwa inaanza, nami nilikuwa mwalimu mgeni katika shule ndogo karibu na Bungoma. Mwalimu mkuu wetu aliitwa Simiyu, mtu mrefu, mpole, mwenye koti moja la siku za kazi na jingine la kanisani. Mchana alifundisha hesabu. Jioni alitazama nyota.

Nyota yenyewe ilikuwa moja tu, upande wa kaskazini, naye alikuwa ameifuata kwa miaka kumi na tisa. Darubini yake aliinunua Kitale kwa fundi wa saa, bwana mmoja wa Kisikh, na saa yake ya mfukoni ilitoka dukani humo humo. Kila Jumamosi alikwenda kwa miguu hadi stesheni ya reli kuilinganisha na saa ya pale, hata kukiwa na matope ya kufika magotini. Hakuna aliyemlipa. Watu walimcheka kidogo, naye aliwasalimu akapita.

Nilipomuuliza anatafuta nini, aliwasha karabai akaiweka mezani, kisha akashika kandili yenye mwanga hafifu akaizungusha polepole. Kandili ilipopita mbele ya karabai, mwanga ukapungua, ilipotoka, ukarudi.

"Ile unayoiona kuwa moja, ni mbili," akaniambia. "Zinazungukana. Kila baada ya siku tatu kasoro, ile hafifu inamziba mwenzake."

Kazi yake ilikuwa kuilinganisha na nyota mbili za jirani zisizobadilika, kila dakika kumi, akiandika ni saa ngapi imefifia kuliko wakati wote. Hesabu zake alizituma kwa wataalamu wa nyota huko Afrika Kusini, nao walimletea jedwali la saa ambazo nyota ilitarajiwa kufifia.

Mwaka ule macho yake yalikuwa yanazibwa na mtoto wa jicho. Aliniomba nimtazamie. Mimi, msichana wa miaka ishirini na moja, nilijiona nimepewa cheo. Alinionya jambo moja tu: nisifungue jedwali kabla ya kutazama. Nililifungua, mwanangu. Nikaona kwamba kila mara nyota yangu ilichelewa karibu dakika ishirini kuliko ilivyoandikwa. Nikadhani macho yangu ni mazito. Aibu ikaniingia, lakini sikusema, na yeye pia hakusema. Alinisikiliza nikimsomea namba, basi.

Ndipo ikatokea harusi ya binamu yangu huko Kitale, jioni ile ile nyota ilipotakiwa kutazamwa. Mwalimu Simiyu alikuwa amekwenda Cheptais kuzika ndugu yake, akaniachia daftari. Nikapanda basi, nikacheza harusini mpaka viatu vikanibana. Niliporudi Jumapili nilikaa na jedwali, nikatunga namba safi kabisa. Katika namba hizo nyota ilififia kwa wakati wake, dakika kwa dakika. Nilifikiri nitamfurahisha.

Yeye alirudi Jumatatu, na jioni hiyo, ndiyo ile ninayoikumbuka, akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akapiga hesabu kichwani, kisha akatoa barua kwenye koti lake. Akanieleza kwamba alikuwa amewaandikia wale wataalamu kwamba, kwa namba zake na zangu, nyota imebadili mwendo wake, inachelewa, na wao waangalie. Alikuwa anangoja namba za jioni ile moja tu kabla ya kuituma.

"Kumbe imefika kwa wakati," alisema. "Basi ni mimi niliyekosea. Na wewe nimekuambukiza makosa yangu." Akaanza kuichana.

Nilimshika mkono. Sijui nilipata wapi ujasiri, kwa maana siku zile mkubwa hakushikwa mkono. Nikamwambia yote: harusi, basi, jedwali. Nilikuwa nalia kabla ya kumaliza.

Hakunigombeza. Aliniambia nirudi nyuma kwenye daftari, niendelee kufungua mpaka anizuie, nisome kila mahali pasipo na namba. Nikasoma kwa sauti. Mvua. Mawingu. Homa. Mvua. Nimesahau. Halafu nikafika ukurasa mmoja wa zamani, wino umeshaanza kuwa wa kahawia, nikashindwa kusoma. Akaniambia nisome.

"Mama amefariki leo," nikasoma. "Sikutazama."

"Ungeandika harusi, Nekesa," akasema. "Ningekuuliza kama pilau ilikuwa nzuri."

Kisha akaniamuru nipige mstari mmoja juu ya namba zangu bila kuzifuta, na kando yake niandike kwamba sikuwepo, nilitunga, na jina langu. Mstari ule haukunyooka.

Tulingoja karibu wiki tatu ndipo zamu ya kufifia ikaangukia tena saa za jioni. Safari hii jedwali lilikuwa limefungiwa sandukuni, na ufunguo alikuwa nao yeye. Tulikaa uwanjani kwenye viti vya darasani, mimi na darubini, yeye na saa yake, akinitajia dakika. Asubuhi akapiga hesabu. Nyota ilikuwa imechelewa, dakika ishirini kasoro kidogo. Akaandika barua upya. Humo alitaja pia kwamba jioni moja ya msaidizi wake isihesabiwe.

Majibu yalikuja mvua zikiwa zimeanza. Watazamaji wawili wa nchi nyingine walikuwa wameona jambo lile lile, na hesabu za Simiyu ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote. Alinitaka nimsomee mara mbili. Mwisho wa mwaka alikuwa haoni kabisa, na kila jioni isiyo na mawingu bado aliniuliza, "Umeona nini?" Nilimjibu nilichoona, kwa miaka tisa, mpaka tulipomzika.

Mwanangu, wewe sasa unakwenda kazini, na huko watakuonyesha mapema jibu linalotakiwa. Utaona lako limetofautiana nalo, utaona haya. Usilirekebishe. Pengine umekosea, na mwingine atakuonyesha. Lakini pengine wewe ndiye wa kwanza kuona. Ulichoona, kiandike. Usichoona, acha nafasi tupu na useme kwa nini. Na ukiwa umeshadanganya, sema kabla mtu mwema hajaichana kazi yake kwa ajili yako.

Mungu akulindie macho yako. Akupe wakubwa wenye subira kama niliyempata mimi, na siku moja akufanye mkubwa wa namna hiyo kwa mtu mwingine. Nenda salama.